Kwa nini Zeus hakupinduliwa

Wagiriki wa kale hawakuwa na kitabu kitakatifu. Hapakuwa na baraza la makuhani lililowahi kukaa likaamua hadithi ipi ya mwanzo wa dunia ni ya kweli na ipi ya kutupwa. Walikuwa na washairi, na washairi hawakukubaliana. Ukilishika hilo mapema, maswali mengi yanayozua ubishi mitandaoni yanatulia: Aphrodite, mungu wa mapenzi, ni binti wa nani, nani mkubwa kati ya Zeus, mfalme wa miungu, na Poseidon wa bahari, wale miungu wakuu kumi na wawili ni akina nani hasa. Kila swali hapo lina jibu la mshairi Homer, lina jibu la mshairi Hesiod, na mara nyingi lina jibu la tatu la mji fulani uliokuwa na hekalu lake na fahari yake.

Hapa nitamfuata zaidi Hesiod, kwa sababu ndiye aliyejitwika kazi ya kupanga nasaba nzima, tangu kabla ya ardhi kuwapo mpaka Zeus kukalia kiti. Alikuwa mtu wa Askra, kijiji kilichokuwa chini ya mlima Helikon katika nchi ya Boiotia, na utenzi wake, Theogonia, ulitungwa karibu mwaka 700 KK. Matoleo ya leo yana mishororo 1,022, ingawa wataalamu wengi wanaona sehemu ya mwisho iliongezwa baadaye. Mishororo miwili ya mwisho kabisa ni ya kuunganishia tu, ili mwimbaji aingie utenzi mwingine unaohusu wanawake waliozaa na miungu.

Msomaji mgeni huangushwa na mpangilio. Mishororo 115 ya kwanza ni sifa za Mousai, mabinti tisa wa Zeus wanaowapa washairi sauti, na humo ndimo wanapomwambia Hesiod waziwazi kwamba wanajua kusema uongo mwingi unaofanana na kweli, na kweli pia wakitaka. Mwanzo wa dunia wenyewe unaanza mshororo wa 116. Halafu, ukidhani umeshaishika hadithi, unakutana na orodha: mabinti hamsini wa Nereus kwa majina, mito, kisha mabinti wa Okeanos, ambao ni 3,000 lakini tushukuru anawataja arobaini na mmoja tu. Njia nyepesi ni kusoma 116 hadi 210, kuruka mpaka 453, kwenda moja kwa moja hadi 929, kisha kurudi kwenye orodha ukiwa tayari unawajua wahusika. Nambari hizi ni zilezile katika tafsiri zote makini. Tafsiri isiyo na nambari pembeni iache dukani, maana siku utakapotaka kuhakikisha jambo utahangaika bure.

Kwanza kabisa, anasema, ilitokea Chaos. Usifikirie vurumai, fikiria pengo, uwazi mkubwa mtupu. Kisha Gaia, ardhi yenye kifua kipana. Kisha Tartaros, kuzimu ya chini kabisa. Kisha Eros, tamaa inayolegeza viungo vya miungu na watu. Hakuna muumbaji hapa, wala hakuna anayetamka neno vitu vikawa. Vitu vinatokea, halafu vinazaana, na ndiyo sababu Eros anatajwa mapema hivyo ingawa yeye mwenyewe hazai mtu: bila yeye nasaba haisongi mbele. Chaos akatoa Giza na Usiku, na hao wawili wakazaa Anga Angavu na Mchana. Gaia naye, bila mume, akazaa Ouranos, yaani mbingu, ili amfunike pande zote, akazaa milima, akazaa bahari.

Kisha akalala na Ouranos, mwanawe mwenyewe, na hapo ndipo siasa inapoanza.

Watoto wao ni mafungu matatu. La kwanza ni Watitani kumi na wawili, sita wa kiume na sita wa kike: Okeanos, Koios, Krios, Hyperion, Iapetos na Kronos, Theia, Rheia, Themis, Mnemosyne, Phoibe na Tethys. La pili ni Kyklopes watatu wenye jicho moja, Brontes, Steropes na Arges, mafundi wa radi. (Hawa si jamaa za yule jitu mla watu aliyetobolewa jicho na Odysseus, yule ni mtoto wa Poseidon na anatoka kwa Homer.) La tatu ni Kottos, Briareos na Gyges, kila mmoja na vichwa hamsini na mikono mia moja.

Ouranos aliwachukia watoto wake. Kila aliyezaliwa alimsukuma arudi ndani ya Gaia asione mwanga, na Hesiod anasema alilifurahia tendo hilo ovu. Gaia akabanwa na maumivu. Akatoa madini magumu ya kijivu, akatengeneza mundu wenye meno, akawauliza watoto nani yuko tayari. Wote kimya, isipokuwa Kronos, kitindamimba. Usiku Ouranos alipokuja na kujitandaza juu ya Gaia, Kronos akatoka mafichoni, akanyoosha mkono wa kushoto, na kwa mundu ulioshikwa na mkono wa kulia akazikata sehemu za siri za baba yake na kuzirusha nyuma. Matone ya damu yalianguka juu ya ardhi na baada ya miaka yakatoa Erinyes wanaolipiza kisasi cha damu ya ndugu, Majitu wenye silaha, na mizuka wa kike wa miti. Zile sehemu zenyewe zilielea baharini mpaka povu jeupe likazizunguka, na humo akakua Aphrodite, akapita karibu na kisiwa cha Kythera, akashuka Kupro.

Kwa Homer hayo yote hayapo. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy, Aphrodite ni binti wa Zeus na Dione, anajeruhiwa vitani mkononi na kumkimbilia mama yake analia. Usijaribu kuzichanganya habari hizi mbili ziwe moja. Plato alitumia tofauti hiyo kudai kuna Aphrodite wawili, lakini hiyo ni falsafa ya karne ya 4 KK, si hadithi yenyewe.

Sasa tazama kosa la Ouranos kama mtu anayetazama mapinduzi. Alitaka kuzuia warithi, akamgeuza mama yao kuwa gereza, akasahau kwamba gereza hilo lina akili na lina kinyongo. Kronos aliliona kosa hilo, maana alinufaika nalo yeye mwenyewe. Alipoambiwa na Gaia na Ouranos kwamba naye atashindwa na mtoto wake, hakuwarudisha watoto kwa mama. Aliwatia tumboni mwake. Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon: kila mmoja akimezwa alipofika magotini pa mama yake.

Kosa likabaki palepale, kwa sura nyingine. Rheia, mke wa Kronos, alikuwa huru kwenda na kurudi. Alikwenda kwa wazazi wake kuomba shauri, wakampeleka Lyktos katika kisiwa cha Krete, na Gaia akampokea mtoto, Zeus, na kumficha pangoni. Kronos akapewa jiwe kubwa lililovingirishwa nguo za kitoto, akalimeza bila kulifunua. Hayo ndiyo tu anayosema Hesiod. Mbuzi Amaltheia aliyemnyonyesha Zeus, na vijana waliogonga ngao kumfunika mtoto kilio, ni nyongeza za washairi wengine. Hata mahali penyewe paligombewa: watu wa Arkadia walidai Zeus alizaliwa kwao, na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba hata mtu akiwa na nia hawezi kuzimaliza kuzihesabu jamii zinazodai Zeus alizaliwa na kulelewa kwao.

Kronos alitapikaje? Hesiod anasema kwa hila ya Gaia na nguvu za Zeus, basi. Dawa ya kutapisha iliyotengenezwa na Metis, mungu wa kike wa akili, inatoka katika kitabu cha mkusanyaji wa baadaye sana aitwaye Apollodorus. Jiwe lilitoka kwanza, kwa kuwa liliingia mwisho, na Zeus akalisimika Delphi. Pausanias aliliona huko: jiwe lisilo kubwa sana, lililomiminiwa mafuta kila siku na kuwekewa sufu mbichi siku za sikukuu. Watoto walitoka kinyumenyume, kwa hiyo Hestia, kifungua mimba, ndiye wa mwisho kuona mwanga mara ya pili. Utenzi mmoja wa kale wa kumsifu Aphrodite unalisema hilo wazi, kwamba Hestia ni wa kwanza na tena ni wa mwisho. Wapo wanaotumia hesabu hiyo kueleza kwa nini Homer anamfanya Zeus kaka mkubwa ilhali Hesiod anamfanya kitindamimba. Ni maelezo mazuri mno kuwa kweli. Homer anasema tu kwamba Zeus alizaliwa kwanza na anajua zaidi.

Vita na Watitani vilichukua miaka kumi, wao wakiwa mlima Othrys na Zeus na nduguze wakiwa Olympos, na hakuna aliyepiga hatua. Hapa Kronos analipia kosa lake jingine. Alipochukua kiti aliwaacha Kyklopes na wale wenye mikono mia kifungoni. Zeus aliwafungua. Kyklopes wakamlipa kwa ngurumo na radi. Wale watatu aliwapa kwanza chakula na kinywaji cha miungu, wakashiba, ndipo akawaomba msaada. Siku ya mwisho walirusha mawe 300 kwa mpigo, na hesabu inakubali: watatu mara mikono mia. Watitani wakazikwa Tartaros, mbali kiasi kwamba fuawe la shaba likidondoshwa kutoka mbinguni litaanguka siku tisa na usiku wake na kufika ardhini siku ya kumi, na kutoka ardhini mpaka Tartaros siku tisa nyingine.

Jambo lingine alilofanya Zeus, ambalo wasimuliaji wa leo huliruka, ni tangazo. Kabla ya vita alitoa ahadi kwamba yeyote atakayepigana upande wake hatapoteza cheo alichokuwa nacho, na asiyekuwa na cheo chini ya Kronos atapewa. Wa kwanza kufika alikuwa Styx, mto wa kuzimu, na watoto wake: Bidii, Ushindi, Nguvu na Mabavu. Watoto wakapewa makao kando ya Zeus daima, na maji ya mama yao yakafanywa kiapo cha miungu. Adhabu ya mungu anayekula kiapo hicho kwa uongo imeandikwa kama kifungu cha sheria: mwaka mzima amelala bila pumzi wala sauti, hagusi chakula cha miungu, kisha miaka tisa haruhusiwi kwenye mabaraza wala karamu zao. Mwaka wa kumi anarudi.

Baada ya vita Gaia huyohuyo, aliyemsaidia Zeus kwa kila hatua, alizaa na Tartaros dude liitwalo Typhoeus, lenye vichwa mia vya nyoka na sauti za kila namna, mara ng'ombe dume, mara simba, mara watoto wa mbwa. Zeus alilichoma kwa radi. Gaia hana chama. Anamsaidia anayekuja dhidi ya aliyeko. Ndipo miungu, kwa shauri lake Gaia, wakamwomba Zeus awe mfalme, naye akawagawia vyeo. Kwa Homer mgawanyo ulikuwa wa kura: Poseidon anasema katika Iliad kwamba ndugu watatu walipiga kura, yeye akapata bahari, Hades giza la chini, Zeus mbingu, na ardhi pamoja na Olympos vikabaki vya wote. Tofauti si ndogo. Mfalme aliyechaguliwa na kugawa vyeo hana wa kumbishia. Aliyepata fungu kwa kura ana ndugu wanaoweza kumkumbusha, na Poseidon anamkumbusha kwa hasira.

Kisha likaja jaribio ambalo wawili wa kwanza walifeli. Mke wa kwanza wa Zeus alikuwa Metis, mwenye akili kuliko miungu na watu wote. Gaia na Ouranos wakatoa onyo lilelile: atazaa kwanza binti, Athena, halafu mwana atakayekuwa mfalme wa miungu na watu. Ouranos aliwafungia watoto ndani ya mama. Kronos aliwameza watoto. Zeus alimmeza mama. Mtoto wa pili hakuwahi kutungwa, na akili iliyokuwa ipange njama sasa ilikuwa tumboni mwake ikimpa mashauri kuhusu mema na mabaya. Mfululizo ukakatika hapo. Athena akazaliwa kupitia kichwa cha baba yake, na hana mama wa kumtuma achukue mundu.

Picha nyingi kwenye vyungu vya Kigiriki zinaonyesha Hephaistos, mungu wa uhunzi, akiwa na shoka, ndiye aliyepasua kichwa. Mshairi Pindar pia anasema hivyo. Lakini katika Theogonia Hera, kwa hasira ya kuona Zeus amejizalia Athena, alimzaa Hephaistos peke yake bila mume. Kwa mpangilio huo fundi hakuwepo siku ya kazi. Watu wa Athens hawakujali. Tukio hilo walilichonga upande wa mashariki wa paa la Parthenon, hekalu la Athena mjini mwao. Hesiod mwenyewe ana mgongano wa aina hiyo ndani ya utenzi uleule: Moirai, wanaogawa majaliwa ya kila mtu, ni mabinti wa Usiku kwenye mshororo wa 217, kisha ni mabinti wa Zeus na Themis kwenye 904.

Onyo la mwisho halimo kwa Hesiod. Zeus na Poseidon walimtaka Thetis wa baharini, na katika shairi la Pindar ni Themis anayewaambia kwamba mwana wa Thetis atamzidi baba yake. Suluhisho likawa kumwoza kwa binadamu, Peleus. Mwana akatoka Achilles, akamzidi baba yake kweli, lakini akafa.

Mfululizo huu wa wafalme wa mbinguni haukuanzia Ugiriki. Huko Hattusa, uliokuwa mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, yalichimbuliwa mabamba ya udongo yaliyoandikwa karne kadhaa kabla ya Hesiod. Humo Alalu anatawala miaka tisa, anaondolewa na Anu, ambaye ni mbingu. Anu naye anatawala miaka tisa, kisha Kumarbi anamkimbiza, anang'ata sehemu zake za siri na kuzimeza, na kwa kuzimeza anapata mimba ya miungu, akiwemo mungu wa tufani atakayemng'oa. Mbingu anahasiwa, anayemhasi anabeba miungu tumboni, na bwana wa radi anashinda: ni mifupa ileile ya hadithi. Hesiod aliipataje haijulikani hatua kwa hatua, ila biashara kati ya Wagiriki na Siria ilikuwa imechangamka sana karne moja kabla yake.

Tuje kwa binadamu, maana hapa utenzi unageuka kuwa maelezo ya jambo ambalo kila Mgiriki alilifanya kwa mikono yake: kuchinja. Huko Mekone, miungu na watu walipokuwa wakitengana, Prometheus, mwana wa Mtitani Iapetos, alichinja ng'ombe mkubwa na kufanya mafungu mawili. Moja lilikuwa nyama na matumbo yenye mafuta, yamefungwa ndani ya ngozi na kufunikwa kwa tumbo la ng'ombe, halitamaniki. La pili lilikuwa mifupa mitupu iliyopangwa vizuri na kufunikwa kwa shahamu inayong'aa. Zeus akachagua shahamu. Hesiod anasisitiza kwamba aliijua hila hiyo, na mimi naona anasisitiza mno, kama mtu anayesahihisha hadithi ya zamani ambamo Zeus alidanganyika kweli.

Ndivyo kafara ya kawaida ilivyokwenda. Mnyama alipambwa kwa mashada na kuongozwa mpaka madhabahuni, ambapo ni nje, mbele ya hekalu. Ndani ya hekalu palikuwa nyumba ya sanamu. Watu walinawa mikono, walirusha punje za shayiri, wakakata nywele chache za kipaji cha mnyama na kuzitupa motoni. Ng'ombe alipigwa shoka kwanza, kisha shingo ikakatwa, wanawake wakapiga kelele ya juu. Mifupa ya mapaja ilitolewa nyama, ikavingirishwa shahamu na kuteketezwa pamoja na divai, pia mfupa wa kiuno na mkia wake. Mkia ukijikunja kwenda juu, dalili njema. Waliojaribu siku hizi kuchoma mkia wa ng'ombe wameona unajikunja kweli, na wachimbaji wa mambo ya kale hukuta mifupa hiyohiyo ya mapaja na viuno imeungua kwenye majivu ya madhabahu. Moyo, maini, mapafu, wengu na figo vilichomwa kwenye mishikaki na kuliwa kwanza na waliokuwa karibu. Ini lilikaguliwa kabla ya hapo. Likikosa ndewe yake, ni balaa. Nyama iliyobaki ilichemshwa na kugawanywa.

Gharama tunazijua kutoka kalenda ya mawe ya Erchia, kata moja ya vijijini karibu na Athens, ya karne ya 4 KK: kondoo dume drakma 12, jike 10, mtoto wa nguruwe 3. Kwa baadhi ya kafara imechongwa amri kwamba nyama isibebwe, iliwe papo hapo. Msomaji wa Biblia amewahi kukutana na hatua ya kwanza ya shughuli hii: katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra wanadhani Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mashada ya maua mpaka malangoni.

Kwa hila ya Mekone Zeus alinyima watu moto. Prometheus aliuiba ndani ya bua la mmea uitwao narthex. Si pambo la kishairi: moyo wa bua hilo ukikauka unashika moto polepole ndani bila ganda kuungua, kwa hiyo kaa linasafirishwa. Adhabu yake ilikuwa kufungwa na tai kula ini lake kila siku. Adhabu ya watu ilikuwa mwanamke. Katika Theogonia mwanamke huyo hana jina wala hana chombo chochote. Jina Pandora na mtungi wa maovu vinatoka katika utenzi mwingine wa Hesiod, Kazi na Siku, na mtungi wenyewe ni wa ghalani, wa nafaka au mafuta, aina ambayo kwenye maghala ya Knossos, jumba la kifalme la kale huko Krete, hufikia kimo cha mtu. Kijisanduku cha mkononi kilianza Ulaya karne ya 16.

Lakini wanaume walitoka wapi? Theogonia haisemi. Kazi na Siku inataja vizazi vitano: dhahabu, fedha, shaba, mashujaa, chuma. Kizazi cha fedha kilikuwa na watoto waliokaa miaka mia wakicheza kwa mama zao. Mashujaa wanaharibu mpangilio wa madini, kwa sababu hakuna msikilizaji ambaye angekubali vita vya Troy viachwe nje. Kuumba watu kwa udongo, kazi ya Prometheus, hakumo kwa Hesiod hata kidogo. Ila huko Panopeus, Phokis, Pausanias alionyeshwa mawe mawili makubwa ya rangi ya udongo, yenye harufu kama ya ngozi ya mtu, akaambiwa ndiyo masalio ya udongo ule. Wengine walisema wakati wa gharika Deukalion na mkewe Pyrrha walielea ndani ya sanduku siku tisa, wakatua Parnassos, wakarusha mawe nyuma yao na mawe yakawa watu. Watu wa Athens hawakutaka udongo wala mawe ya wengine: babu yao Erichthonios alitoka katika ardhi ya Athens yenyewe, jambo walilolitumia kudai kwamba wao ni wenyeji na wengine ni wahamiaji.

Kuhusu wale miungu kumi na wawili: madhabahu yao Athens ilijengwa na Peisistratos mdogo karibu mwaka 522 KK, na umbali wa barabara ulipimwa kutoka hapo. Lakini idadi ilikuwa thabiti kuliko majina. Kwenye mchongo wa mashariki wa Parthenon yumo Dionysos, hayumo Hestia, na Hades kwa kawaida hahesabiwi popote. Olympia walikuwa na madhabahu sita za wawili wawili: Zeus na Poseidon, Hera na Athena, Hermes na Apollo, Dionysos na Charites (miungu wa kike wa madaha), Artemis na mto Alpheios, Kronos na Rheia. Mto, na mfalme aliyepinduliwa, ndani ya orodha. Ile habari tamu kwamba Hestia alimwachia Dionysos kiti chake kwa hiari ili pasiwe na ugomvi haimo katika andiko lolote la kale lililotufikia.

Majina ya miungu hawa ni ya zamani kuliko Homer na Hesiod. Mabamba ya udongo ya Knossos na ya Pylos, kusini mwa Ugiriki, yaliyookwa na moto ulioteketeza majumba ya wafalme, yalisomeka baada ya Michael Ventris kuufumbua mwandiko wake, uitwao Linear B, mwaka 1952. Wamo Zeus, Hera, Poseidon, Hermes, Artemis, hata Dionysos ambaye zamani alidhaniwa mgeni wa baadaye. Aphrodite hayumo. Pylos, Poseidon anaonekana kuheshimiwa kuliko Zeus. Bamba moja la Knossos linaandika: kwa miungu wote, asali mtungi mmoja, kwa Bibi wa Labyrinthos, asali mtungi mmoja. Ni vitabu vya stoo, na kama hadithi ya Kronos na mundu wake ilikuwa tayari inasimuliwa wakati huo, karani hakuwa na sababu ya kuiandika.